Mzigo Haupimwi Mlangoni
(Somo la kukadiria kazi ya kuhamisha programu kutoka prosesa moja hadi nyingine)

Mwaka huu sikuja na shairi wala kitendawili. Nimekuja na somo, na ndani ya somo hilo mna ungamo langu. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Kwanza niwape kisa cha shangazi yangu. Alipokuwa akihama kutoka Jericho kwenda Umoja, alimwita mtu wa mkokoteni. Yule bwana akasimama mlangoni, akachungulia kidogo, akasema, "Mama, hii ni safari mbili tu." Shangazi hakuridhika, akamwita wa pili. Huyu wa pili aliomba kuingia ndani. Akainama akaangalia chini ya kitanda, akafungua kabati, akauliza kama kitanda kinafunguka. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na huko unakoenda, ni ghorofa ya ngapi?" Shangazi akajibu kwamba ni ya nne. Mzee akakuna kichwa, akasema, "Basi mama, safari ni nne, na ngazi nazo zina bei yake."

Shangazi alimchukua huyo wa pili. Safari zilikuwa nne kamili. Mimi nilikuwepo, nikabeba mito na masufuria, lakini funzo sikulibeba. Ama kweli, sikio la kufa halisikii dawa.

UNGAMO LANGU

Wengi wenu mnaijua programu ya maktaba yetu, ile inayoandika nani kaazima kitabu gani na amekirudisha lini. Iliandikwa na wanachama wa chama cha kompyuta waliotutangulia, kwa lugha ya C, katika tarakilishi kuukuu ya mezani yenye prosesa ya Intel ya biti 32. Tarakilishi ile ilipoanza kuzimika ovyo, shule ikapata vile vibao vidogo vya Raspberry Pi. Hivi havitumii prosesa ya aina ya Intel. Vinatumia aina ya ARM, ambayo ndiyo iliyo ndani ya karibu kila simu ya kisasa mfukoni mwa watu hapa mtaani, na vyetu ni vya biti 64.

Mwalimu mlezi akauliza mbele ya chama kizima, "Kuihamisha programu itachukua muda gani?"

Nikasimama kifua mbele. "Siku mbili, Mwalimu. Si tunaipitisha tu kwenye kompaila mpya!"

Dada mmoja wa kidato cha tatu akaninong'oneza, "Manze, umeichungulia ndani kweli?" Nikamwambia asitie shaka.

Kazi ile ilichukua alasiri 25, yaani wiki tano za masomo. Lakini kuchelewa si ubaya pekee. Kwa kuwa nilikuwa nimeahidi siku mbili, siku ya tatu tuliiwasha ikiwa haijajaribiwa. Wiki hiyohiyo kaka mmoja aliyemaliza kidato cha nne akaja kutoka Kayole kuchukua cheti chake. Maktaba ilipaswa kuthibitisha kwamba hana deni. Mashine ikasema hajarudisha vitabu vinne! Kaka wa watu akaapa kwamba alirudisha vyote. Akaambiwa arudi kesho. Akarudi kesho, nauli mara mbili, na chuo kilikuwa kinamngoja na cheti kile. Aliyemwokoa ni mkutubi wetu, ambaye hakuwa ametupa rejista ya karatasi. Vitabu vyote vinne vilikuwa vimetiwa alama ya kurudishwa, tena kwa wino mwekundu.

Kaka, kama unasoma jarida hili, ile hesabu mbovu ilikuwa yangu. Naomba radhi.

KWA NINI PROGRAMU HAIHAMI HIVI HIVI

Prosesa ndiyo akili ya tarakilishi. Kila aina ya prosesa ina lugha yake, na haielewi lugha ya mwenzake. Prosesa ya Intel ukiipa maagizo ya ARM ni sawa na kumsomea Kijaluo mtu anayejua Kimeru pekee. Kwa hivyo waandishi wa programu hutumia lugha ya kati kama C, kisha mkalimani aitwaye kompaila anaigeuza iwe lugha ya prosesa inayohusika.

Sisi wa Eastlands tuna mfano ulio karibu zaidi. Kiswahili Sanifu ukikiandika, kitasomwa Lamu, Kisumu, Dodoma na Bujumbura. Lakini Sheng ya mtaa mmoja huenda isieleweke vyema mtaa wa pili, seuze mji mwingine. Ukimwambia mgeni kwamba chapati ni mbao, atadhani zimechongwa na seremala, kumbe unasema ni shilingi 20. Programu nayo iko hivyo hivyo. Sehemu yake kubwa ni Sanifu, nayo huhama bila matata. Kuna sehemu yenye lafudhi ya mashine ilikozaliwa. Kuna sehemu ambayo ni Sheng tupu. Anayetaka kukadiria kazi asiulize programu ina mistari mingapi. Aulize ni mistari mingapi inayoijua mashine yake ya zamani.

MAFUNGU MATANO YA MZIGO

Programu yetu ilikuwa na mistari 6,000 hivi. Baada ya aibu ile, tuliketi na yule dada wa kidato cha tatu tukaigawa katika mafungu. Igeni mgawanyo huu.

Fungu la kwanza ni Sanifu. Hapa mna hesabu, menyu, kupanga majina kwa alfabeti na mengine ya aina hiyo. Kwetu ilikuwa mistari 5,400. Tuliipitisha kwenye kompaila mpya, tukasahihisha vijikosa, tukamaliza kwa alasiri 1. Hili ndilo fungu lililonidanganya, maana ndilo linaloonekana mlangoni.

Fungu la pili ni lafudhi. Hii ni mistari iliyoandikwa kwa C safi kabisa, nayo kompaila inaikubali bila kulalamika, lakini mwandishi wake alidhani kila mashine ni kama yake. Kwetu ilikuwa mistari 520, na alasiri 7. Nitatoa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni ukubwa wa nambari. Katika mashine ya zamani, ile aina ya nambari iliyotumiwa kuhifadhi tarehe ilichukua baiti 4. Katika mashine mpya aina hiyohiyo inachukua baiti 8. Programu ilikuwa ikimwaga rekodi kwenye diski kama zilivyo, na ilipohamia mashine mpya ikaanza kuzisoma baiti 8 kwa 8. Ni kama kusoma rejista huku umeunganisha safu mbili kuwa moja. Tarehe ya kuazima ikalambana na tarehe ya kurudisha. Wakatokea wanafunzi wenye nambari ambazo hazijawahi kutolewa na shule hii. Programu nayo ilikuwa imeagizwa kwamba tarehe isiyoeleweka ihesabiwe kuwa kitabu hakijarudi. Hapo ndipo deni la kaka wa Kayole lilipozaliwa.

Mfano wa pili ni herufi. Katika C, herufi huhifadhiwa kama nambari ndogo ya baiti 1. Katika Linux ya Intel, nambari hiyo inaweza kuwa hasi. Katika Linux ya ARM, kwa kawaida haiwi hasi. Sasa, alama ya mwisho wa faili ni -1. Mwandishi wetu aliitia alama hiyo katika kisanduku cha herufi. Kwenye Pi, -1 ikageuka kuwa 255, na programu ikaendelea kungoja -1 isiyokuja, kama abiria anayengoja matatu ya Dandora kwenye stendi iliyohamishwa. Mashine ikaganda. Dawa ilikuwa neno moja tu, kutumia nambari kamili badala ya herufi. Lakini kulitafuta neno hilo kulitula alasiri mbili.

Kuna lafudhi nyingine, nayo ni mpangilio wa baiti. Tarehe 12/9 hapa Kenya ni Septemba 12, lakini kwa Mmarekani ni Desemba 9. Prosesa nazo hutofautiana, nyingine huanza na baiti kubwa, nyingine na ndogo. Mwaka 1973 wataalamu wa Bell Labs kule Marekani waliuandika upya mfumo wa Unix kwa lugha ya C, na kufikia 1977 ulikuwa umeanza kuhamishiwa mashine za Interdata, huko Bell Labs na pia katika Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia. Ukipindua baiti mbili mbili katika neno UNIX, unapata NUXI. Hadi leo wajuzi huliita tatizo la NUXI. Kwa bahati njema, Intel na ARM ya Pi zinapanga baiti kwa namna moja, kwa hivyo sisi tulinusurika hapo.

Fungu la tatu ni Sheng ya mtaa, yaani msimbo wa asembli. Hii ni lugha ya prosesa yenyewe, iliyoandikwa kwa mkono ili programu iende mbio. Kompaila haiwezi kukusaidia. Tulikuwa na mistari 80 ya kutafuta jina haraka. Tulianza kuitafsiri mstari kwa mstari, tukatoka jasho. Baadaye tukagundua kwamba hatuhitaji kuitafsiri. Tukaifuta, tukaandika mistari 12 ya C badala yake, na hakuna aliyeona tofauti ya kasi. Alasiri 3. Kwa hivyo, kabla ya kukadiria fungu hili, jiulize kama bado linahitajika.

Fungu la nne ni vya watu. Hivi ni vipande ambavyo programu yako inavitegemea lakini msimbo wake hunao. Mashine yetu ya kuchapa lebo za vitabu ilikuja na programu yake ya kuiendesha, iliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya Intel. Msimbo wa asili haukuwemo. Hapa mistari yetu ni 0, na bado tulipoteza alasiri 6 tukitafuta njia, hadi tukaamua kuchapa lebo kwenye karatasi ya kawaida na kuzikata kwa makasi. Fungu hili ndilo hatari zaidi, kwa sababu huwezi kulimaliza kwa bidii yako mwenyewe.

Hata wakubwa hulipata tatizo hili. Kampuni ya Apple imebadilisha prosesa za tarakilishi zake za Macintosh mara tatu: mwaka 1994 kutoka Motorola 68000 hadi PowerPC, mwaka 2006 hadi Intel, na mwaka 2020 hadi chipu zake yenyewe za aina ya ARM. Kila mara ililazimika kuweka mkalimani ndani ya mashine mpya ili programu za zamani za watu wengine ziendelee kufanya kazi. Ule wa 2006 uliitwa Rosetta, na wa 2020 Rosetta 2.

Fungu la tano ni majaribio. Halina mistari, kwa hivyo husahaulika. Tuliipa mashine ya zamani na mpya maswali yaleyale, tukalinganisha majibu, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na rejista ya mkutubi. Alasiri 8.

Sasa jumlisheni: 1 na 7 na 3 na 6 na 8, jumla ni 25. Tazameni ajabu hii. Asilimia 90 ya mistari ilikula alasiri 1 kati ya 25. Mistari 600 iliyobaki, pamoja na vya watu na majaribio, ilikula 24!

JE, KANUNI ZA VITABUNI ZINASAIDIA?

Mwaka 1981 mtaalamu Barry Boehm wa Marekani alichapisha kanuni iitwayo COCOMO. Kwa programu nyepesi, unachukua maelfu ya mistari, unayapandisha kwa kipeo cha 1.05, kisha unazidisha kwa 2.4. Mistari 6,000 inakupa karibu miezi 16 ya kazi ya mtu mmoja. Lakini kanuni hiyo ni ya kuandika programu mpya, si ya kuihamisha iliyopo. Faida yake kwetu ni kuonyesha kwamba kuhamisha kulikuwa nafuu kuliko kuandika upya. Haiwezi kuona lafudhi wala vya watu.

Iliyotufaa zaidi ni kanuni ya makadirio matatu, iliyotokana na mpango wa PERT wa jeshi la majini la Marekani mwaka 1958. Kwa kila fungu, andika muda mfupi kabisa ukibahatika, muda wa kawaida, na muda mrefu kabisa mambo yakiharibika. Zidisha wa kawaida kwa 4, ongeza hizo nyingine mbili, gawanya kwa 6. Kwa fungu letu la pili, tungesema 3, 6 na 21. Hesabu ni 3 jumlisha 24 jumlisha 21, ambayo ni 48, gawanya kwa 6, unapata 8. Tulitumia 7. Si mbaya kwa watoto wa shule.

WALIOJUA KUPANGA MAPEMA

Kazi rahisi kuhamisha ni ile iliyotenganishwa tangu mwanzo. Mfano mzuri uko mikononi mwa mama zetu sokoni Gikomba. Safaricom ilipoanzisha M-PESA mwezi Machi 2007, watu walikuwa na simu za kila sampuli. Ingekuwa balaa kuandika programu kwa kila moja. Menyu ikawekwa ndani ya laini, yaani kile kikadi cha simu. Simu yenyewe kazi yake ikawa kuonyesha menyu na kupokea mibonyezo. Ukiitoa laini ukaitia katika simu nyingine, M-PESA ilihama nayo. Ghorofa ya nne haikuwa na ngazi.

Sisi wana-Kiswahili tuna mfano wetu pia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Watafsiri waliweza kuyashughulikia maneno ya kwenye kioo kwa sababu yalikuwa yamewekwa kando na msimbo. Kuhamisha lugha si sawa na kuhamisha prosesa, lakini kanuni ni moja: kinachobadilika kiwekwe mahali pake, kisitapakae nyumba nzima.

HATUA ZA KUFUATA

1. Usitaje muda kabla ya kuingia ndani. Sema, "Mwalimu, nipe siku tatu niichungulie."
2. Gawa programu katika mafungu matano, ukihesabu kila moja peke yake.
3. Onja. Chukua kipande kidogo cha kila fungu, kihamishe, upime muda. Kisha ndipo uzidishe.
4. Orodhesha vya watu, na kwa kila kimoja uliza: nina msimbo? Kuna cha badala? Naweza kuishi bila hicho?
5. Uliza ni ghorofa ya ngapi: mashine mpya ina biti ngapi, kumbukumbu kiasi gani, na kompaila ipi.
6. Toa jibu lenye pande mbili, kama wiki tatu hadi sita, wala si siku mbili.
7. Usizime mashine ya zamani wala kutupa rejista ya karatasi hadi majibu yalingane.

ZOEZI

(a) Programu ina mistari 10,000, na mistari 200 ni ya asembli. Je, unaweza kusema kazi ya kuihamisha ni asilimia 2? Toa sababu.
(b) Fungu moja linakadiriwa kuchukua siku 2, 5 au 20. Tafuta makadirio kwa kanuni ya matatu. (Jibu ni 7.)
(c) Kati ya mafungu matano, ni lipi ungelichunguza kwanza? Jadiliana na mwenzako.

Prosesa hazitaacha kubadilika. RISC-V, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California huko Berkeley mwaka 2010, tayari inatumika, na huenda siku moja wadogo zetu wakaletewa vibao vyake wakaulizwa swali nililoulizwa mimi. Tumewaachia daftari katika kabati la maabara, na ndani yake kila mstari wenye lafudhi umeandikwa.

Wahenga walisema usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa. Mimi niliikata, tena kwa kipimo cha macho, na aliyeivaa ni kaka wa Kayole. Ninyi ingieni ndani kwanza, mwangalie chini ya kitanda.

Hadi mwaka ujao tukijaaliwa, kwaherini.

Katibu, Chama cha Kompyuta, na mwanachama wa Chama cha Kiswahili